Volti za Marehemu

"Nimesema iondoe kwenye meza yangu," mama alirudia, "au niiondoe mimi. Na nikiiondoa mimi itapitia dirishani."

"Mama, hii ni mali ya kampuni. Ikivunjika nitaambiwa nini?"

"Utaambiwa pole. Mwenzako baba yako hata hiyo pole aliambiwa nusu."

Binti aliinyanyua mezani. Alikuwa amevaa ovaroli mpya ya bluu, bado ina mikunjo ya dukani, na mkononi alishika multimita ya njano, chombo cha kupimia umeme, aliyokabidhiwa asubuhi hiyo katika kiwanda cha misumari. Zamu yake ya kwanza ilianza jioni hiyohiyo. Alipewa kazi ya fundi umeme, nafasi ileile aliyoiacha baba yake, na walikuwa wanagombana juu ya jambo hilo tangu kabla ya chakula cha mchana. Chakula chenyewe kilikuwa bado mezani jikoni, kimepoa, hakuna aliyekigusa.

Meza ya kazi ya mama ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya makabati mawili chini ya dirisha la sebule. Kitasa chake hakijawahi kung'olewa. Mama alikitumia kutundikia koleo. Juu yake kulikuwa na redio tatu zisizo na vifuniko na televisheni moja iliyolala kifudifudi. Mita zake mbili zilikaa mwisho wa meza, karibu na mkono wa kulia: moja ya mshale, yenye umri mkubwa kuliko binti, na moja ya tarakimu, iliyopasuka pembeni na kufungwa kwa utepe mweusi. Vyeti vya chuo vya mama vilikuwa ukutani. Alikuwa amevitundika juu ya ufa.

"Haya," alisema. "Tusipoteze muda kwa maneno. Tuijaribu kama ninavyojaribu zangu. Ikisema kweli, nenda nayo, na mimi mwenyewe nitakufungia chakula. Ikisema uongo, huendi."

"Ina stika ya ukaguzi, mama. Angalia. Imekaguliwa."

"Stika! Na mimi ukinibandika stika nitakuwa nini, friji?"

Binti alitaka kucheka akajizuia. Alivuta kiti.

Wakazipanga mita zote tatu mstari mmoja, zikitazama upande mmoja. Waya mweusi kwenye tundu la pamoja. Waya mwekundu kwenye tundu la volti, si lile la ampia, kwani hapo ndipo watu wenye haraka huunguza vyombo na vidole. Swichi ya kuzungusha kwenye volti za umeme wa nyumbani, kipimo kikubwa kwanza, halafu unashuka. Kisha soketi ya ukutani, ambayo wote walijua ina moto kwa sababu feni ilikuwa inazunguka juu yake. Mita ya mshale ikapanda ikatulia. Mita ya utepe ikasema mia mbili thelathini na moja. Mita ya njano ikasema sifuri.

"Labda betri yake imeisha."

Mama alifungua mgongo wake, akatia betri mpya. Sifuri ilibaki palepale, ila sasa iling'aa vizuri.

"Basi nyaya."

"Basi nyaya," mama alikubali. Akachomoa nyaya za kampuni, akachomeka zake. Sifuri. Alikuwa anazikunja zile za kampuni ili aziweke kando pale alipouona ule mwekundu. Karibu na ncha, plastiki ilikuwa imetafunwa: alama za meno, za juu na za chini, na pengo dogo upande mmoja. Alizitazama. Akautandaza waya juu ya meza polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

"Nini?" binti aliuliza.

"Ngoja baba yako aje."

Haikuchukua muda. Jua lilipokuwa linazama marehemu aliingia kwa mlango wa jikoni, kama kawaida yake, akakokota kile kiti cha plastiki hadi karibu na meza, akakaa. Alivaa kandambili za mpira. Redio mojawapo, ambayo haikuchomekwa popote, ilianza kunguruma kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umependeza na ovaroli."

Alikuwa anakuja tangu wiki ile waliyomzika. Sababu ilikuwa ya kiufundi. Siku aliyokufa, mita ya kampuni ilimwambia waya hauna umeme, akaushika, na ulikuwa nao. Kampuni ikatamka kwamba laini ilikuwa imezimwa na kwamba mtu huyu alikuwa na moyo mbovu. Kwa kuwa laini ilikuwa imezimwa, hapakuwa na mtu wa kwenda kuizima. Ikabaki imewaka ndani yake. Umeme wa kiwanda ukikatika, marehemu hakuja kabisa. Mashine kubwa zikiwashwa, volti zilishuka, naye alijiinamia na kuongea kwa sauti ndogo. Jirani wa nyumba ya pili aliwahi kuja na simu yake na chaja, akauliza kwa adabu kama anaweza kuchaji kidogo. Mama alimfukuza hadi barabarani. "Mume wa mtu si soketi!" alimwambia, na jirani akaomba radhi, akaenda kuchaji dukani.

Kila jioni mama alimpima. Waya mweusi aliubana kwenye ule wa ardhini unaotokea dirishani, na ncha nyekundu aliigusisha kifundo cha mkono wa marehemu. Hakuwa na njia nyingine. Tangu siku ile hakuwahi kumgusa mumewe ila kwa ncha ya waya, na jambo hilo lilimkasirisha kila alipoamka na kila alipolala.

"Leo mpime wewe," alimwambia binti. "Kwa mita yako."

Binti hakuwahi kufanya hivyo. Aliubana waya mweusi ardhini, akarudisha ule mwekundu wa kampuni kwenye mita ya njano, akaunyoosha kwa baba yake. Marehemu aliuangalia. Alikuwa na tabia, enzi za uhai, ya kuushikilia waya mwekundu kwa meno anapokuwa juu ya ngazi na mikono yote miwili ina kazi. Mama alimgombeza miaka mingi kwa ajili hiyo. Sasa aliupokea, akautia mdomoni, na meno yakakaa kwenye zile alama, hata pengo likapata pahali pake. Ncha ya chuma iligusa ulimi.

Mita ya njano ilisema sifuri.

"Ndiyo hiyo," alisema marehemu, waya ungali mdomoni. "Naona wameibandika stika."

Mama alichukua mita yake ya utepe akagusa kifundo cha mkono. Mia mbili ishirini na nane.

Binti alizisoma mita zote mbili. Kisha akasema, kwa sauti ambayo mama yake hakuizoea, "Wamenipa ileile."

"Wamekupa ileile. Wameipangusa."

Nje pikapu ilipiga honi, na baada ya muda mfupi msimamizi wa kiwanda akabisha hodi akiwa ameshaingia. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye tai hata kwenye joto. Kiwandani waliitana ndugu na marehemu, na msibani alilia hadi akashikwa na watu wawili.

"Shemeji, habari za jioni. Ah, mzee, na wewe upo. Pole na safari." Akamgeukia binti. "Twende, mwanangu, zamu inaanza."

"Hii mita haipimi," alisema mama.

"Shemeji, mita zetu zote zimekaguliwa."

"Usiniite shemeji. Hii ndiyo mita iliyomuua. Meno yake yapo hapa, njoo uyaone. Imepima soketi, sifuri. Imetiwa betri mpya, sifuri. Imempima yeye, sifuri."

Msimamizi aliinama akaisoma. Aliisoma vizuri, bila haraka, na alipoinuka alikuwa na uso wa mtu aliyepata nafuu.

"Basi si ndiyo imejibu yenyewe? Mita ya kampuni ikisema sifuri, kwa upande wa kampuni marehemu hana umeme. Hizo zako ni vyombo vya nyumbani, na getini vyombo vya nyumbani haviruhusiwi. Ni mambo ya usalama."

"Hana umeme?"

"Kwa upande wa kampuni."

"Vizuri. Mpe mkono."

Marehemu alikuwa mtu mwenye adabu. Aliutoa waya mdomoni, akainuka kidogo kwenye kiti, akanyoosha mkono wake wa kulia kwa rafiki yake.

"Mpe mkono," mama alisema tena. "Mlikuwa mnakula sahani moja. Hamjaonana siku nyingi."

Mkono ulibaki hewani. Redio ilinguruma. Msimamizi aliutazama ule mkono, akautazama mlango, kisha akaitia mikono yake yote miwili mifukoni, hadi kwenye vifundo.

"Nitawasubiri nje," alisema. "Lakini sitasubiri sana."

Alitoka hivyohivyo, mikono mifukoni, akausukuma mlango kwa bega. Binti aliifuatilia ile mifuko kwa macho mpaka ilipopotea.

"Anajua," alisema.

"Siku zote anajua. Wewe ulidhani mimi napigana na mjinga?" Mama alikuwa tayari anaziondoa redio, akiziweka sakafuni moja moja. Televisheni ilifuata. Mita hakuziondoa. "Shika upande huo."

"Upande gani?"

"Wa kitasa. Shika, tunatoka."

Waliutoa mlango kupitia mlangoni, wakaugeuza ubavu, wakaupitisha barazani. Mita mama alizivaa shingoni kwa kamba zake. Marehemu alifuata nyuma na kiti chake cha plastiki kichwani, akikwepa kuwagusa watu. Kila walipopita, taa za barazani za majirani zilikolea kidogo kisha zikarudi kama zilivyokuwa. Jirani mwenye simu aliwasalimu na kuwasogezea baiskeli yake isiwazibe njia. Pikapu iliwapita taratibu, msimamizi akitazama mbele.

Nje ya geti la kiwanda, pale barabara ilipo ya watu wote, waliulaza mlango juu ya madumu mawili matupu. Mama alibana waya mweusi kwenye nguzo ya chuma ya geti lenyewe. Marehemu akakaa. Mama akazipanga mita, zikitazama upande mmoja.

"Mafundi wa zamu!" aliita. "Kabla hujapima waya wao, pima mita yako hapa. Huyu ana moto, kila mtu anajua alikoupata."

Wakaja. Hakuna aliyehitaji kuelezwa; wengi walikuwa wamefanya naye kazi. Walimpa shikamoo, wakapanga foleni, kila mmoja akagusisha ncha yake kwenye kifundo cha mkono wa marehemu. Sifuri. "Asante, mama," mtu wa kwanza alisema, akaingia kazini. Sifuri. Sifuri. Mzee mmoja alitoa mita yake binafsi kutoka chini ya wali katika chombo cha chakula, ikasoma mia mbili ishirini na sita. Akaifunika tena kwa wali na kuingia bila kumtazama mtu. Mwingine alisoma sifuri yake, akauma mdomo, akasema nyumbani ana watoto wanne, akaingia.

"Ingia, mwanangu," msimamizi aliita akiwa ndani ya geti. "Umechelewa."

Binti alikuwa amesimama mbele ya meza, mita ya njano mkononi. Alimpima baba yake mara moja zaidi. Kisha akaiweka mita juu ya mlango, akavua kofia ya kazi akaiweka juu yake, akazunguka na kukaa upande wa mama yake.

Msimamizi alitoka. Hakugomba. Aliichukua mita kwa kamba yake, akaifuta kwenye mkono wa shati, akamkabidhi kijana aliyekuwa amesimama pembeni bila chombo, akisubiri nafasi. Kijana alikuja nayo mezani, akaugeuzageuza waya mwekundu.

"Nani ameutafuna huu?"

"Mume wangu," alisema mama.

Kijana akampima. Akaisoma. Alimtazama marehemu usoni, naye marehemu akatikisa kichwa, kwamba hapana, usiende.

"Poleni sana," alisema kijana, akaingia.

Ndani, mashine kubwa ilianza kunguruma. Mshale wa mita ya mama ukashuka, marehemu akajiinamia kitini, sauti ikawa ndogo.

"Wamewasha ile ya kukatia," alisema.

Mama alikuwa anaubana upya waya mweusi kwenye nguzo. Binti ndiye aliyeivuta mita ya mshale karibu yake, akahakikisha waya mwekundu uko kwenye tundu la volti, akainua kichwa.

"Mwingine!" aliita.