Ujumbe Wangu Niusome Mwenyewe

Kitu cha kwanza alichokigundua mfumaji ni kwamba muuza simu hakuongea na yeye, bali na dada yake aliyemsindikiza. Maneno yalimpita kando ya sikio, kana kwamba pale kaunta palikuwa pamesimamishwa mwavuli, si mtu.

"Huyu asiyeona anapenda rangi gani?"

"Muulize mwenyewe," dada akasema. "Mdomo anao, tena mzima."

Mfumaji akajikaza. Tangu utotoni aliona haya kuongea na wageni, akazoea kuwaachia wengine wamsemee. Lakini leo alikuwa na lake moyoni. Muuza nyuzi humtumia ujumbe, na kila ujumbe husomwa na dada sebuleni kwa sauti, umetiwa chumvi na pilipili, mpaka shemeji anapiga makofi. Alitaka kuusoma yeye, basi.

"Nataka simu inayosoma," akasema.

Akaletewa ya bei mbaya. Ilisoma Kiswahili kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni.

"Sauti haibadilishwi?"

"Hii imefungwa, dada. Ilivyokuja ndivyo ilivyo," muuza simu akamjibu dada mtu.

"Basi irudishe."

"Jamani, mdogo wangu!" dada akanong'ona. "Kioo kinang'aa hicho!"

"Kinamng'aria nani?"

Dada akacheka mpaka akashikilia kaunta.

Ya pili ilikuwa nzito kidogo. Hiyo haikufungwa: mtu angeweza kuitia sauti yoyote aipendayo. Muuza simu akaitia ya mwanamke anayesema Kiswahili safi, na hapo ndipo yalipomkuta. Kila alipogusa, simu ilitaja alichogusa, isifungue.

"Ujumbe. Gusa mara mbili kufungua," ilisema kwa upole.

Akaikandamiza kwa kidole gumba.

"Ujumbe. Gusa mara mbili kufungua."

"Imeganda hii!"

"Nipe." Mfumaji akatelezesha kidole polepole, akasikiliza, akagonga mara mbili. Ikafunguka. "Muda wote inakuelekeza, kaka. Husikilizi."

"Mke wangu naye husema hivyo hivyo," muuza simu akajibu kwa unyonge, na duka zima likaangua kicheko. Kuanzia hapo aliongea na mfumaji, si na mwingine.

Jioni mfumaji alikaa kwenye mashine yake ya kufumia, spika ndogo zikiwa masikioni. Ujumbe ukaingia. Akaugonga mara mbili.

*Nyuzi za buluu zimefika. Nikuletee kesho?*

Maneno hayo tu, bila chumvi. Akausikiliza tena, na tena, akitabasamu peke yake.

"Anasemaje?" Dada alikuwa keshafika mlangoni. "Mbona unatabasamu? Hebu nisomee!"

"Anasema na mimi."

Akatoka uani, akafunga mlango nyuma yake. Akatafuta kwa kidole mahali pa kurekodi sauti. Akaisogeza simu mdomoni, akasema upesi kabla haya haijamkamata:

"Usilete nyuzi. Ninazo kabati zima. Huwa naagiza ili uje. Kesho njoo hivyo hivyo, mikono mitupu."

Akagonga mara mbili.