Kwaya Ndani ya Magitaa

Kaka yangu Mashimba alikufa Jumamosi mchana, gitaa likiwa mkononi. Yeye na rafiki yake Yassin walikuwa wakifanya mazoezi kwenye banda la useremala la baba yake Yassin, huku kwetu Mkuyuni, Mwanza. Mvua ilikuwa imenyesha na maji yalikuwa yameingia sakafuni. Spika kubwa aliyoitumia aliiunda mwenyewe kutokana na redio mbovu, na haikuwa na waya wa ardhi. Aliposogeza mdomo kwenye kipaza sauti huku ameshika nyuzi, umeme ukampitia. Yassin aliung'oa waya ukutani, lakini Mashimba alikuwa ameshaanguka.

Watu wa mtaani hawakusema umeme. Walisema muziki wake ndio uliomuua.

Muziki wenyewe ulikuwa hevi metali, ile roki nzito ya magitaa na kunguruma, lakini yeye aliichanganya na kila alichokipenda. Alikuwa amemaliza albamu ya nyimbo saba aliyoiita Tumbo la Ziwa. Humo Yassin alipiga ngoma, na pia dufu alilojifunza kwenye maulidi. Zilikuwamo njuga za wachezaji wa Kisukuma alizozirekodi Mashimba kwa wajomba zetu. Ilikuwamo injini ya kivuko cha Kamanga, aliyoiweka chini kabisa, mahali pa besi. Na juu ya vyote hivyo aliiweka kwaya ya kigango chetu, lile kanisa dogo la mtaani.

Hiyo kwaya ndiyo iliyoleta shida. Aliwarekodi mazoezini kwa ruhusa yao, wao wakidhani anawatengenezea albamu ya kwaya. Kisha akazikata sauti zao na kuzitawanya katika nyimbo zote saba. Yeye aliona amewapa heshima. Jumapili moja, baada ya ibada, akawakusanya nyuma ya kanisa akawasha spika. Kwanza walicheka.

"Mashimba, huyo anayenguruma ni wewe au ni kiboko?" aliuliza Odeta, yule anayeongoza sauti ya kwanza.

"Ni mimi."

"Basi kunywa tangawizi, baba. Utapasuka."

Wakacheka tena. Halafu ikafika mahali Odeta mwenyewe anaimba akimwita Bwana, na Mashimba ananguruma juu ya jina hilo hilo, magitaa yakisaga. Kicheko kikakatika. Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba akaondoka. Tangu siku hiyo waliacha kumsalimia, naye akaacha kwenda jumuiya.

Kwetu jumuiya si jambo dogo. Zile sala za nyumba kwa nyumba ndizo zinazomtambulisha mtu. Usipofika kusali kwa wenzako, siku yako ikifika nao hawafiki.

Mwalimu Venant alikuja kesho yake, Jumapili jioni. Ndiye anayeongoza kwaya, na ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu. Mama alikuwa amekaa kwenye godoro sebuleni, kina mama wengine wamemzunguka.

"Pole na msiba, Mama Mashimba."

"Nimeshapoa, Mwalimu. Mmepanga mazishi saa ngapi?"

Mwalimu alivua kofia, akawa anaizungusha mikononi.

"Mama, jumuiya imekaa. Watu wana kinyongo. Wanasema hawawezi kumwimbia mtu aliyewaimbisha pamoja na mapepo."

"Mwanangu hakuwa na pepo. Alikuwa na kelele tu."

"Najua. Nimemfundisha tangu darasa la tatu, hata kukaa kimya dakika moja hakuweza." Kina mama wawili watatu wakatabasamu, kisha wakainamisha vichwa. "Nimewabembeleza mpaka nimechoka. Wamesema sauti zetu zitoke mle, zote, ndipo tuje. Padre ataitwa, kwaya itaimba, vijana watabeba jeneza. Zisipotoka, mtamzika wenyewe."

Mama alinigeukia mimi.

"Sabina, umesikia. Nenda kazitoe."

Asubuhi nilipokuwa natoka alinifuata mpaka mlangoni, akanishika kiwiko.

"Usibakize hata moja ya kuficha. Ukibakiza, atakayeulizwa huko kwa Mungu si wewe. Ni yeye."

Nilimkuta Yassin bandani, amekaa kwenye rundo la mbao. Kompyuta ya Mashimba ilikuwa mezani, imefunikwa kwa kanga. Nyimbo zote zilikuwa humo na kwingine popote hazikuwapo. Mashimba alikataa kumpa mtu hata kipande kabla ya siku ya kuzizindua. Nilimweleza Yassin shida iliyonileta. Akafungua, akanionyesha. Kila wimbo ulikuwa umeshakamilika, umekuwa kitu kimoja. Vile vipande vya mwanzo, gitaa peke yake na kwaya peke yake, Mashimba alikuwa amevifuta kupata nafasi.

"Ukishatia sukari kwenye chai, dada Sabina, utaitoa na nini?"

"Kwa hiyo kuwatoa wao ni kufuta zote?"

"Zote. Pamoja na yeye." Akafuta uso kwa mkono. "Wanasema shetani. Shetani gani wa Mwanza anayejua kupiga gitaa? Waambie tumezitoa. Mimi nazihamishia kwenye simu yangu sasa hivi, nani atajua?"

"Mama ataniuliza."

"Mdanganye."

"Hataniuliza kwa ajili yake mwenyewe, Yassin. Anaogopa kwa ajili ya Mashimba."

Yassin aliichomoa simu mfukoni, akaiweka mezani mbele yangu, mbali na kompyuta, asiiguse tena.

Mwalimu Venant alifika kushuhudia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Nilidhani atasema tufute upesi aende zake. Badala yake alivuta kigoda, akasema anataka kuzisikia kwanza, kwa kuwa ile siku nyuma ya kanisa hakuwapo. Akazisikiliza zote, viganja vimekaa magotini. Mashimba aliponguruma alifumba macho, lakini hakuziba masikio. Katika wimbo wa mwisho kwaya ilibaki karibu peke yake, injini ya kivuko ikienda chini yao taratibu, na kidole cha Mwalimu kikaanza kuhesabu kwenye goti.

"Hapa soprano walichelewa," alisema. "Niliwaambia."

Wimbo ukaisha.

"Mwalimu," nikasema, "si ungewaambia ulivyosikia?"

"Nitawaambia nini, binti? Kwamba ni nzuri? Wataniuliza mbona amekufa." Akasimama, akavaa kofia. "Futa. Mama yako anangoja."

Nilifuta mwenyewe. Yassin alitoka nje kabla sijaanza. Kompyuta iliniuliza kama nina hakika, nikasema ndiyo.

Jumanne walikuja wote. Kwaya ilivaa sare, padre alifika kwa wakati, vijana wa jumuiya wakapokezana jeneza njia nzima mpaka makaburini. Odeta aliimba vizuri, machozi yakimtoka. Yassin alisimama nyuma na baba yake. Udongo ulipoanza kushuka, Mama aliniegemea begani.

"Umeona? Wamekuja wote."

"Nimeona, Mama."

Sasa Mama analala usingizi. Jumuiya husali kwetu mara kwa mara, na Mashimba hutajwa katika nia zao. Mama hana deni na mtu, hapa wala huko.

Mimi kila nikiosha vyombo nilikuwa napitia nyimbo zake kichwani, kwa mpangilio, nisije nikazipoteza. Wiki iliyopita nilifika wimbo wa nne nikakuta hakuna kitu. Nilijua kwamba upo, nikajua unaanza na njuga, basi. Nikaacha vyombo, nikaenda bandani.

Yassin alikuwa akipiga randa. Ngoma zake amezigawa, anatengeneza vitanda. Nilimuuliza wa nne unakwendaje. Aliweka randa chini, akaanza kupiga kwa vidole kwenye ubao, polepole, halafu kwa kasi. Alikumbuka sehemu yake yote. Kisha akapunguza.

"Hapa anaingia yeye," alisema.

Aliendelea kupiga. Nilingoja. Aliizunguka sehemu ile mara ya pili, mara ya tatu, akinitazama nimpe neno la kwanza la Mashimba, nami nikimtazama anipe yeye.