Mama Mkwe Habebwi

Jumatano ilikuwa siku ya kliniki ya presha na sukari, na vijana wa bodaboda wa kijiji kile cha juu ya Matombo walijiwekea nadhiri kwamba siku hiyo mzee halipi. Waislamu kwa Wakristo walipokezana kuwateremsha wazee mpaka kituo cha afya na kuwapandisha tena. Njia yenyewe ni mawe na makorongo, kwa hiyo kila mzee alifungwa kitenge kiunoni, akashikamana na mgongo wa dereva kama mtoto aliyebelekwa. Wazee walikuwa wakicheka wenyewe. Bibi mmoja alisema tangu aolewe hajamkumbatia mwanamume muda mrefu namna hiyo.

Twalibu ndiye aliyeanzisha jambo hilo. Alibeba mama wa huyu na babu wa yule, wenye vikohozi na wenye matusi. Mmoja tu hakuwahi kumbeba, naye ni Bi Mwamvita, mama yake Zuleha, mkewe. Waliishi ua mmoja, maana Twalibu alioa akahamia ukweni kama wengi huko, lakini alimwamkia kwa mbali, macho chini. Wakikutana njiani, Twalibu aliingia migombani mpaka mama apite. Akitaka kumpa kitu alikiweka chini, naye akakiokota. Sasa mtu huyo amfunge mgongoni? Zamu ya Bi Mwamvita ilikuwa ya Bonifasi, dereva mwenzake, na hakuna aliyeshangaa. Kijiji kizima kilimsifu Twalibu kwa adabu, na sifa zilimkaa vizuri, tusidanganyane.

Jumatano moja ya mwisho wa masika, Bonifasi alitangulia na babu wa nyumba ya tatu. Jua lilipochomoza tu, Bi Mwamvita akaanza kuhema. Miguu ilikuwa imevimba, na neno moja alilisema kwa pumzi mbili. Zuleha alitoka mbio.

"Baba Mwaisha, mama hawezi kungoja. Mpeleke wewe."

Twalibu alibaki amesimama kando ya pikipiki. Kabla hajajibu, Bi Mwamvita mwenyewe alijikokota hadi mlangoni, kashika mhimili kwa mkono mmoja, na mkono wa pili kakamata kitenge, tayari kimekunjwa kwa kufungia. Hata hapo hakumsemesha mkwewe moja kwa moja.

"Zuleha, mwambie mwenzio niko tayari. Aibu nimeiacha ndani."

Twalibu alisikia kila neno. Akaangalia chini. Njiani walikuwa wanapita watu na ndizi zao kichwani, nao walisimama kutazama. Akaona haya. Akaona atasemwa mnadani kwamba kamkumbatisha mkwe mgongoni mchana kweupe.

"Namfuata Bonifasi," alisema. "Si mbali. Mama apumzike kidogo tu."

"Twalibu!" Zuleha aliita. Tangu wamzae Mwaisha hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Lakini pikipiki ilikwisha kuwaka.

Mficha uchi hazai. Na ile aibu wala haikuwa yake. Mwenyewe mama alikwisha kuivua, yeye akaiokota akaivaa.

Alimkuta Bonifasi kwenye kijito, akirudi kutoka kumshusha babu, gurudumu limezama topeni. Walilivuta, wakateleza, wakalivuta tena. Waliporudi, kilio walikisikia kabla hawajamaliza kona ya mwisho.

Zuleha hakumfokea mumewe. Alikuwa ameketi chini, kichwa cha mama kipo mapajani mwake.

"Alikuwa anauliza kama umerudi," alimwambia, kisha akageuza uso. Twalibu alitamani mkewe angempiga.

Walimzika jioni ile ile. Bi Mwamvita hakuzaa mtoto wa kiume, na ndugu yake pekee aliyebaki alikuwa Turiani, asingewahi. Wanaume wawili wa msikitini walishuka kaburini. Sheikh Abdulatif akatazama huku na huku.

"Wa kumpokea awe maharimu wake, mtu aliyeharamishiwa kumwoa. Twalibu, shuka."

"Mimi ni mkwe, sheikh."

"Ndiyo maana nimekuita. Ukishamwoa binti, mama yake ni maharimu wako mpaka kufa. Dini haijakukataza kumshika hata siku moja. Hayo mengine ni mila zetu tu."

Sheikh alisema bila ubaya, kama anayemkumbusha mtu rakaa. Hakujua ya asubuhi. Twalibu aliyasikia, akashuka kwa kushikwa mkono.

Jeneza likafunuliwa, shuka likatandazwa juu kuwasitiri, na Bi Mwamvita akateremshwa taratibu mikononi mwake. Alimpokea kifuani. Kati ya wazee wote aliowabeba katika njia ile, huyu alikuwa mwepesi kuliko wote. Angefika naye kliniki bila hata kuongeza gia. Machozi yalimdondokea kwenye sanda, akasema polepole, "Nisamehe, mama," na ilikuwa mara ya kwanza kusema naye karibu.

Wale wawili walinyoosha mikono kumsaidia kumlaza, lakini Twalibu hakumwachia.

"Mlaze sasa, mwanangu," alisema sheikh kutoka juu, kwa mara ya pili.