Bibi Nerys Aandikishwa Ulezi

Lowri alikuwa dereva wa basi huko Bethesda, milimani Wales. Tangu mumewe aondoke, mwanawe Macsen alilelewa na bibi yake, Nerys, aliyekaa nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta. Kila asubuhi Nerys aliingia kwa binti yake, akamwamsha mjukuu na kushinda naye. Kwa ajili hiyo aliacha kazi yake ya jikoni shuleni, na Lowri alijua mama yake anajinyima.

Siku moja Lowri alipiga simu ofisi ya serikali kuulizia msaada wa gharama za malezi.

"Chekechea iliyosajiliwa inakubalika," akaambiwa. "Mlezi aliyeandikishwa pia. Bibi, hapana. Labda naye aandikishwe, na amlee mtoto nje ya nyumba anayoishi mtoto."

Nerys aliposikia, alitua kikombe kwa kishindo.

"Yaani upande huu wa ukuta mimi si kitu, upande ule ni mlezi?"

"Ndivyo wanavyosema, Mama."

"Nimelea watano! Nani alikuja kunikagua?"

"Ungefeli. Kaka Emrys alikula sabuni."

"Kipande tu!"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Lakini Jumatatu, siku ya mapumziko ya Lowri, bila kumwambia mtu, Nerys alikwenda mji wa Bangor kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza. Akapiga magoti kati ya wasichana wa miaka ishirini, akimpulizia pumzi mwanasesere wa plastiki.

Baadaye akaja mkaguzi nyumbani kwake, bwana mmoja mpole. Alifungua makabati, akapima ngazi, akaagiza dirisha la juu litiwe komeo. Kisha akauliza, "Mtoto akilia bila sababu, unafanyaje?"

Nerys alikuwa amekariri majibu ya kitabuni, yote yakamtoka akilini.

"Nakaa sakafuni karibu yake," akasema. "Nangoja. Sababu huwa ipo."

Mkaguzi akaandika kwa muda mrefu.

Cheti kilifika Machi. Asubuhi ya kwanza Lowri na Macsen walitoka mlango wao, wakapiga hatua nne, wakabisha. Nerys akafungua, kavaa gauni la heshima, nywele kazichana.

"Karibuni. Mama wa mtoto, saini fomu hii."

Macsen akamtazama juu mpaka chini. "Bibi, unakwenda harusini?"

"Niko kazini, bwana mkubwa. Ingia."

Lowri alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Akamkumbatia mama yake palepale mlangoni, fomu ikakunjamana katikati yao, ikabidi wajaze nyingine.