Mlango wa Moyo wa Mama Mkwe

Kule kilimani Mushaki, mwaka wa hamsini na tatu, muuguzi Damascène alikuwa na masikio yaliyosikia, wasemavyo wenye wivu, hadi viazi vikinenepa udongoni. Lakini wiki hiyo hayakumfaa kitu. Mama mkwe wake, Emérita, alikuwa akihema hata akipanda kizingiti, na daktari angepita kesho yake na gari, akipakia tu wagonjwa walioandikiwa karatasi. Damascène angeandika nini bila kuusikiliza moyo? Na mkwe gani anasogelea kifua cha mama mkwe? Kwa mila yao mkwe hamkaribii mama mkwe wala hasemi naye ana kwa ana; hata wakikutana njiani, Damascène hujitupa ndani ya mahindi.

Akakusanya mirija yote ya mpira ya kuoshea watu tumbo, akaichemsha mara tatu, akaiunga hadi ikatosha kufunga ng'ombe sita. Kwenye ncha akatia chombo cha kusikilizia moyo, akakipitisha kwenye tundu la ukuta. Ndani walikaa Emérita na binti yake Nyiramana, mke wa Damascène. Yeye akapiga magoti nje, kwenye matope.

"Tayari, Papa Benoît!" Nyiramana akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

Damascène akasikiliza. Akasikiliza tena.

"Mwambie Mama roho yake iko muzima kabisa. Ila apunguze kula majani, na asipige ukuta na mukia."

Ndani kicheko kikapasuka, na ndama akafukuzwa mlangoni.

"Mwambie bwana yako," Emérita akasema, "nilitaka kujua kama anasikia kweli, ao anaandika tu. Haya, weka hapa. Usinifinye!"

Safari hii moyo ukasema *du*, ukavuta *shwaaa*, ndipo ukamaliza *ta*. Damascène alikulia penye vibuyu vya kusukia maziwa. Aliijua sauti ya maziwa yanayopenya pembeni mwa kizibo kilicholegea. Akahesabu mapigo mia, na kila pigo lilikuwa na *shwaaa* yake.

"Mwambie Mama, mulango moja ya roho haifunge vizuri. Damu inarudia nyuma. Apande gari, tafazali."

Emérita akakisukuma chombo kirudi tunduni.

"Mwambie nitapanda. Muntu mwenye kunitofautisha na ng'ombe kupitia ukuta, huyo si muongo."

Baada ya wiki tatu Emérita alirudi kutoka hospitali na chupa ya dawa ya matone, amenawiri, akipiga soga kilima kizima.

"Nyiramana, mwambie bwana yako: daktari aliandika neno lilelile. Tena alinikataza kubeba kuni, maji, hata jembe. Sasa kuni atapasua nani?"

Nyuma ya nyumba, shoka likaanza kulia.