Slabu ya Sabato

Kama kuna kitu kinachonichemsha damu, ni mtu kuiba kwa kujificha nyuma ya dini ya mwenzake.

Mimi na Machogu tulianzisha kampuni ya ujenzi kwa mpango mmoja wa akili. Mimi ni Msabato, yeye ni Mkatoliki. Jumamosi nikiwa kanisani, yeye yuko saiti. Jumapili akienda misa, nasimamia mimi. Kazi hailali. Tunakabidhi funguo wakati wakandarasi wengine bado wanachimba msingi, na ndivyo tulivyopata tenda ya madarasa ya ghorofa ya shule moja hapa Suneka. Mwanangu Eric anasoma shule hiyo hiyo, na Januari atakaa chini ya slabu tutakayomwaga, yaani sakafu ya konkriti ya ghorofa.

Sharti langu lilikuwa moja tu: slabu isimwagwe kabla sijakagua vyuma vya ndani yake.

Jumamosi iliyopita, mahubiri yakiendelea, Emily anayewapikia mafundi chai alinitumia ujumbe: "Mama Eric, wanamwaga slabu. Vyuma vingine viko kwa pikapu ya Machogu." Nilitoka kanisani bila kumwomba mtu radhi.

Nilipanda ngazi ya mbao na gauni langu jeupe. Machogu alinipokea kwa tabasamu.

"Leo si siku yako, Mama Eric. Rudi ukaombe."

Nilikanyaga konkriti mbichi, mguu ukazama hadi kwenye mbao za chini yake. Nikautia wa pili kando yake, nao ukazama. Kwenye ramani, nafasi kati ya chuma na chuma haitoshi miguu miwili ya mtu mzima. Hapa ningeweza kucheza.

"Machogu, chini ya hii watakaa watoto ama kuku?"

"Usinipigie kelele mbele ya mafundi. Tulishinda kwa bei ya chini. Faida ulidhani itatoka wapi?"

"Kwa kumaliza haraka! Ndivyo tulivyokubaliana. Si kwa kichwa cha Eric!"

"Inspekta anakuja Jumatatu. Ataona konkriti tu."

Mtu huyu alikuwa ameipigia hesabu Sabato yangu, akaiweka kwenye faida yake.

Nilizima mixa ya konkriti. Nikashika sepetu, nikaanza kuchota konkriti na kuitupa chini. Mafundi walinikodolea macho.

"Nani ana mtoto shule hii?" nikauliza.

Anyona, fundi wa vyuma, aliinamisha kichwa, kisha akachukua sepetu. Wengine wakamfuata. Machogu alitutukana sote, akateremka mbio kuokoa vyuma vyake, lakini ufunguo wa pikapu hakuuona. Emily alikuwa ameutumbukiza kwenye sufuria ya chai.

Ibada ilipokwisha, mzee wa kanisa, Zachariah, alisimama barabarani na waumini wake, akanitazama nilivyochafuka.

"Mama Eric! Unafanya kazi siku ya Sabato?"

"Ndiyo, mzee," nilimjibu, sepetu mkononi. "Machogu alikuwa na hakika sitakuja."