Kofia Anageuza Shingo

Aliyemwaga mtama ni daktari wa meno. Alifika uwanjani kwa somo lake la Jumamosi, akafungua mfuko wa raketi, na badala ya raketi akatoa gemu ya mkononi.

"Mwalimu, jana nimekufunga mara nne," alisema. "Tena nilikuwa nimelala chali kitandani."

Mwalimu wa tenisi akakichukua kile kidude. Kiooni alikuwemo mwanamke mwenye kofia nyeupe iliyoinamia jicho la kushoto, na juu yake limeandikwa jina: Kofia. Uwanja mzima ulimwita yeye Mwalimu Kofia, na hapakuwa na mwingine. Yule wa kiooni alidundisha mpira mara saba kabla ya kuanzisha, kama alivyofanya yeye tangu utotoni.

"Huyu hata akuongoze vipi, usihangaike," daktari aliendelea, hana habari kwamba anatia chumvi kwenye kidonda. "Akibakiza pointi moja tu ashinde, anageuza shingo, anapiga wavu mara mbili. Baada ya hapo ni mteremko. Mke wangu anamfunga huku anasuka nywele. Waliomtengeneza wametugawia kopi za majaribio, Jumatatu inaingia madukani."

Somo likafia hapo. Duniani kulikuwa na mtengeneza gemu mmoja tu aliyeijua ile kofia, zile mara saba na ile fainali aliyoipoteza hivyohivyo miaka kumi na miwili iliyopita, naye alitoka tumbo moja na yeye. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwalimu akaondoka na gemu ya watu mkononi, viatu vimejaa vumbi jekundu la uwanja.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vigae. Meza tatu, feni moja iliyofungwa kwa utepe wa gundi, na nyaya zimetapakaa sakafuni. Mdogo wake, mtengeneza gemu, alikuwa ameinamia kompyuta pamoja na mtu wa sauti na mchoraji. Mwalimu hakusalimu. Aliiweka gemu juu ya kibodi yake.

"Nitoe humu."

Mdogo wake alitazama gemu, kisha vumbi la viatu. "Shikamoo, dada."

"Sikuja kuamkiwa. Nitoe."

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Wale wenzake wawili hawakuwa na jembe. Wakachukua vikombe vyao wakatoka, na mtu wa sauti akasahau kuvaa viatu.

"Huyo ndiye mchezaji anayependwa kuliko wote," mdogo wake alisema. "Watu wanamcheka, lakini wanamrudia."

"Wanamrudia kwa sababu anafungwa na wasuka nywele. Miaka kumi na miwili nafundisha watu nijenge jina, wewe unanivua nguo madukani?"

"Nimesema uongo gani? Kila kitu nimekitoa kwenye mkanda wa video wa mjomba, picha baada ya picha. Hukupiga wavu?"

"Nilipiga."

"Basi mkuki kwa nguruwe. Nyumba nzima ilikuwa inakula tenisi, hakuna aliyeniuliza kama nimeshiba. Mama aliuza cherehani wewe upate viatu. Mimi nilikuwa wa kuokota mipira. Leo nimetengeneza changu, unakuja kunifokea mbele ya wenzangu."

Yalimchoma, kwa kuwa yalikuwa kweli. Lakini hasira ya mwalimu haikuwa ya kurudi nyuma kwa ukweli mmoja. Akawasha gemu, akasogeza mchezo hadi pale pa kuharibikia, akakigonga kioo kwa kucha.

"Hapa. Anatazama nini?"

Mdogo wake akainua mabega. "Sijui. Nilidhani ni jua."

"Jua lilikuwa mgongoni. Wewe si ulikuwepo? Kila tukikaa nyumbani unasimulia ulivyouona mpira ukigonga wavu, chozi likakutoka."

Mdogo wake akayapeleka macho kwenye feni. Feni ikazunguka.

"Safu ya mbele, kiti cha tatu, kando ya mjomba," mwalimu alisema. "Ulikuwa wapi?"

"Nje." Alilitema neno. "Nilikuwa nimesimama kwenye maegesho. Ulibakiza pointi moja, nikaona kombe linakuja nyumbani, na mimi ndiye nitakayelifuta vumbi. Sikutaka kukuona ukishinda. Umeridhika?"

"Nani alikuwa akiniambia nipige upande gani?"

Hapo ndipo rangi ilipomtoka. Waokota mipira huona mengi, na yeye tangu utotoni alimsoma kila mpinzani wa dada yake. Kwenye pointi ngumu alikaa jukwaani akashika sikio: la kulia, piga kulia, la kushoto, piga kushoto. Haikuruhusiwa, na hata mama hakujua. Dada mtu hakuwahi kuanzisha mpira mzito bila kulitafuta lile sikio.

"Niligeuka nikaona kiti," alisema. "Kiti kitupu. Mpira wa kwanza nilipiga sijui naupeleka wapi. Wa pili vilevile. Na nimekaa miaka yote hii nakusikiliza ukisimulia, nikameza, kwa sababu wewe ni mdogo wangu."

Mdogo wake akavuta kiti, mkono tayari uko kwenye kibodi. "Namfuta. Namfuta sasa hivi."

"Usimguse."

"Dada, umekuja kwa hilo."

"Nimebadili nia. Mwache hivyohivyo, na kofia yake. Aende madukani ageuze shingo kwa kila atakayemnunua. Watu wacheke. Wewe utajua anamtafuta nani."

Akageuka kuondoka. Mlangoni alimpisha mtu wa sauti aliyefuata viatu vyake, ndiyo maana akatazama nyuma.

Mdogo wake alikuwa ameishika gemu kwa mkono mmoja. Mpira ulidunda mara saba. Kofia akageuza shingo, na mkono wa pili wa mdogo wake ukapanda wenyewe, ukashika sikio la kushoto. Kofia hakumwona. Akaanzisha, mpira ukagonga wavu.